Achari ya pilipili ukanda wa dhahabu: Uwanja na chupa vichunguzwe kwanza

Katika migahawa ya Katoro, mkoani Geita, sahani ya ugali na dagaa haijakamilika kama chupa ya pilipili haipo mezani. Mteja anaitikisa, anamimina, kisha chupa inahamia kwa jirani yake. Mara nyingi ni chupa iliyowahi kubeba maji, soda au pombe kali. Lebo ilishabanduka, na kifuniko kimetobolewa kwa msumari wa moto ili pilipili itoke kidogo kidogo.

Katika miji ya namna hiyo zipo pia chupa nyingine zisizo na lebo. Kuna yenye zebaki ya kukamatia dhahabu, maana bidhaa hiyo huuzwa kwa wachimbaji wadogo kwa vipimo vidogo. Kuna yenye asidi kali ya kusafishia dhahabu, ambayo kwa macho ya mtoto haina tofauti na maji au siki. Na kuna chupa iliyokwisha, ikasuuzwa, ikarudi jikoni.

Familia nyingi za Shinyanga na Geita zinapanda pilipili uani, na baadhi zinasindika achari ya kula na kuuza. Ni kazi nzuri. Mche wa pilipili hauhitaji shamba, unazaa kwa miezi mingi, na mavuno yanayozidi yanaweza kukaa ndani ya siki badala ya kuozea kwenye ungo. Lakini mzazi anayeishi Mwakitolyo, Kakola, Nyarugusu, Rwamagasa au Mgusu ana maswali mawili ambayo mwenzake wa Njombe huenda hana haja ya kujiuliza: uwanja huu ulitumika kwa kazi gani, na chupa hii ilibeba nini?

Zebaki haikai mgodini

Mchimbaji mdogo akishasaga mawe kwenye karasha na kuosha mchanga mwaloni, huchanganya mchanga mzito uliobaki na zebaki. Zebaki hushikana na dhahabu na kufanya donge la rangi ya fedha. Donge hilo huchomwa, zebaki inageuka mvuke na kupotea hewani, dhahabu inabaki. Tatizo ni mahali linapochomwa. Wapo wanaofanya hivyo nyumbani, hata kwenye jiko lile lile la mkaa linalopikiwa chakula, kwa kuwa ndani kuna faragha na usalama wa mali.

Mvuke huo hauonekani wala hauna harufu. Ukivutwa unaingia mapafuni na kwenda kwenye damu, na madhara yake makubwa yako kwenye ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Mikono kutetemeka, kusahau, kukosa usingizi na hasira zisizo na sababu ni miongoni mwa dalili. Mtoto mdogo na mimba iliyo tumboni huathirika zaidi, kwa sababu ubongo wao bado unajengwa. Sehemu ya mvuke ikipoa hutua: kwenye kuta, kwenye masizi ya paa, kwenye nguo zilizoanikwa, na kwenye udongo wa uani palipopandwa mchicha na pilipili.

Jambo hili si geni kwa wanaofuatilia afya ya wachimbaji. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto katika machimbo madogo ya Tanzania, baada ya kutembelea maeneo ya Geita, Shinyanga na Mbeya, na kueleza jinsi watoto, wengine wa miaka minane tu, walivyokuwa wakifanya kazi migodini, baadhi yao wakishika zebaki kwa mikono. Mwaka huo huo ulipitishwa Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki, uliopewa jina la mji wa Japani ambako maelfu ya watu waliugua kwa kula samaki wenye zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda. Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Udongo wenyewe nao una historia yake. Miamba ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa ina aseniki kwa asili, na mwamba unaposagwa aseniki hiyo inatoka na vumbi na maji. Watafiti wakiwamo wa chuo kikuu cha afya cha CUHAS, Bugando, Mwanza, walichapisha mwaka 2014 utafiti kuhusu udongo unaoliwa na wajawazito katika jamii za wachimbaji wadogo wa Geita, na wakakuta ndani yake kemikali zenye sumu, aseniki na zebaki zikiwamo. Ule ni udongo unaoliwa kwa hiari. Udongo wa uani huliwa bila kukusudia, pale mtoto anayetambaa anapopeleka mkono mdomoni, au mboga inapooshwa kwa haraka.

Je, pilipili nayo inabeba sumu hiyo? Kwa kawaida tunda hubeba kidogo kuliko jani na mzizi. Majani hupokea kinachotua kutoka hewani, na mizizi huzuia sehemu kubwa ya kinachotoka ardhini. Kwa maana hiyo, katika uwanja wenye shaka, mchicha, matembele na majani ya maboga ni wasiwasi mkubwa zaidi kuliko pilipili. Hata hivyo “kidogo” si ruhusa ya kupanda popote.

Kabla ya kupanda, mzazi aulizie. Mwenye nyumba na majirani wa muda mrefu wanajua kama hapo palikuwa na karasha, mwalo, au mnunuzi wa dhahabu aliyekuwa akichomea uani. Kifusi cha rangi ya kijivu chenye chembechembe laini huenda ni marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu, ambao wakati mwingine bado una zebaki. Huo haufai kujazia kiroba wala kusawazishia uwanja wa watoto kuchezea. Penye shaka, njia rahisi ni kuachana na ardhi ya hapo kabisa na kupanda kwenye viroba au ndoo mbovu, kwa udongo ulioletwa kutoka shamba lililo mbali na uchenjuaji.

Na kama donge bado linachomwa nyumbani, hakuna kiroba kitakachosaidia. Kazi hiyo ihamie nje ya makazi, mbali na watoto na jiko, na ifanywe kwa kifaa cha kunasa mvuke. Nguo za mwaloni zisifuliwe pamoja na nepi. Hili linastahili kuzungumzwa kati ya mume na mke kabla ya kuzungumza habari za achari.

Maji yana utata wake pia. Wazazi wengi wanaamini kwamba maji yakichemka yamekuwa salama. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi aseniki. Maji yanavyopungua sufuriani, kiasi kilichobaki ndani yake kinakuwa kikali zaidi. Shirika la Afya Duniani linataka aseniki katika maji ya kunywa isizidi mikrogramu 10 kwa lita, na kiwango hicho hakionekani kwa macho wala kuonjwa kwa ulimi. Shinyanga na Kahama zina nafuu ya bomba la maji ya Ziwa Victoria yanayotoka Ihelele, Misungwi. Kwa walio mbali na bomba, maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi, baada ya mvua za mwanzo kuosha paa, ni bora kuliko maji ya dimbwi lililo jirani na mwalo. Maji ya kuoshea dhahabu yasimwagiliwe kwenye mboga hata siku moja, hata kama kiangazi kimekaza.

Kuanzia mbegu

Pilipili zinazopendwa zaidi uani ni mbili. Pilipili kichaa ni ndogo, zimesimama kwenye mche kama vidole, na mche wake ukitunzwa unaweza kuzaa zaidi ya mwaka mmoja. Pilipili mbuzi ni za mviringo zenye mikunjo, zina harufu nzuri na ukali usio na mzaha. Pilipili hoho si kali, na inafaa kuchanganywa kwenye achari ya familia yenye watoto wakubwa.

Asili ya mmea huu si Afrika. Ulitoka Amerika na kusambazwa duniani na mabaharia baada ya safari za Columbus mwishoni mwa karne ya 15. Ndege nao wamesaidia sana kuueneza, kwa sababu hawahisi ukali wa pilipili kama binadamu na wanyama wengine wanyonyeshao. Ndiyo maana kuku wa uani hawaogopi kudonoa pilipili zilizoiva. Anayetegemea ukali kuwafukuza kuku atavuna matawi matupu. Wigo wa matete ni lazima.

Mbegu huoteshwa kwanza kitaluni, au kwenye kopo lililotobolewa chini, kwa kina cha nusu sentimita hadi sentimita moja. Huchukua wiki moja hadi mbili kuota, na pilipili kichaa huweza kuchelewa hadi ya tatu, hivyo asiyeona kitu siku ya kumi asifukue. Baada ya wiki sita hadi nane, mche ukiwa na urefu wa kiganja, huhamishwa jioni jua likiwa limepoa. Kiroba kimoja cha kilo 50 kilichokunjwa nusu kinatosha mche mmoja, miwili kwa kubana. Ardhini, nafasi ya sentimita 45 hadi 60 inatosha.

Mchanganyiko mzuri ni sehemu mbili za udongo na moja ya samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi ya kuku huunguza mizizi. Udongo mweusi wa mbuga, uliotapakaa Shinyanga, hushika maji mpaka mizizi inaoza wakati wa masika, na ukikauka hupasuka. Uongezewe mchanga safi. Kitalu kikianza mvua za kwanza zinapokaribia, kati ya Oktoba na Novemba, miche itakuwa imeshika kabla ya kiangazi cha Juni. Wakati wa jua kali, maji asubuhi na jioni kwenye shina, na nyasi kavu juu ya udongo kuzuia mvuke.

Majani yakijikunja na kudumaa, aghalabu chanzo ni wadudu wafyonzao wanaojificha chini ya jani, na wengine hubeba virusi visivyo na dawa. Mche ulioathirika sana ung'olewe. Walioanza kuonekana juzi wanaweza kuoshwa kwa maji yenye sabuni kidogo. Dawa za viwandani zilizobaki kutoka shamba la pamba zisiletwe uani, na vyombo vyake visiingie ndani. Mavuno ya kwanza huja takriban miezi miwili na nusu hadi mitatu tangu kuhamisha miche.

Jikoni, mtoto akiwa mbali

Ukali wa pilipili unatokana na kapsaisini, ambayo imejaa zaidi kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu kuliko kwenye mbegu zenyewe. Haiyeyuki kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta. Ndiyo sababu mtu akiungua mdomo, kikombe cha maji hakimsaidii sana, lakini maziwa au mtindi humtuliza. Mikono inayowaka ipakwe mafuta ya kula kwanza, isuguliwe, ndipo ioshwe kwa sabuni.

Jichoni ni tofauti. Hapo ni maji safi tu, mengi, yamiminwe taratibu kwa dakika 15 hivi, mtoto akipepesa macho. Maziwa na mafuta hayawekwi jichoni. Akiendelea kulia kwa maumivu au kuona ukungu, apelekwe kituo cha afya. Mama anayenyonyesha na aliyetoka kukata pilipili anawe vizuri kabla ya kumshika mtoto. Na lipo la kusemwa waziwazi: kupaka pilipili kwenye chuchu ili kumwachisha mtoto ziwa, au kumpaka mtoto pilipili kama adhabu, ni kumuumiza. Kumwachisha ziwa kunawezekana kwa kupunguza mnyonyo mmoja baada ya mwingine.

Sasa achari. Neno hilo lilikuja Pwani na wafanyabiashara kutoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi, na Zanzibar, Tanga na Mombasa wana achari zao za embe, ndimu na pilipili zinazoanikwa juani. Bara, njia rahisi zaidi ni ya siki. Kinachohifadhi pilipili hapo ni uchachu. Chumvi na viungo ni vya ladha zaidi. Bakteria wanaoleta botulizimu, sumu inayopoozesha misuli hadi ya kupumulia, hustawi mahali pasipo hewa na pasipo uchachu wa kutosha, yaani ndani ya chupa iliyofungwa vizuri yenye siki iliyozimuliwa mno. Kwa hiyo kuongeza maji ili siki itoshe chupa nyingi ni kuokoa fedha kidogo kwa hatari kubwa.

Inunuliwe siki ya chakula yenye lebo inayoonyesha uchachu wa asilimia 5. Ile inayopimwa kutoka kwenye dumu lisilo na maandishi iachwe dukani. Kwa kila vikombe vitatu vya siki, maji yasizidi kikombe kimoja, na chumvi iwe kijiko kikubwa kimoja. Chumvi yenye madini joto inaweza kuufanya mchuzi uwe na ukungu au pilipili zibadilike rangi kidogo, lakini haina madhara.

Pilipili ngumu, zisizo na kidonda, huoshwa kwa maji yanayotiririka na kukatwa vikonyo. Zinazobaki nzima hupasuliwa mchano mmoja au miwili. Bila hivyo siki haifiki ndani na katikati panabaki bila uchachu. Karoti, vitunguu saumu na tangawizi vinaweza kuongezwa kidogo. Mitungi ya kioo huchemshwa dakika 10. Siki, maji na chumvi huchemshwa pamoja dirisha likiwa wazi, kwa sababu mvuke wake hukereketa koo. Pilipili hupangwa mtungini, siki ya moto humiminwa mpaka izifunike zote na kubaki nafasi ya upana wa kidole juu, viputo vya hewa hutolewa kwa kijiko safi, kisha hufunikwa. Anayetaka ikae muda mrefu bila friji aitumbukize mitungi iliyofungwa ndani ya maji yanayochemka kwa dakika 15. Wiki moja baadaye ladha imekolea.

Sufuria ya kuchemshia siki ina umuhimu wake. Siki hula alumini. Zile sufuria nzito zinazosubiwa mtaani kutokana na vyuma chakavu zina tatizo kubwa zaidi: utafiti uliofanyika Cameroon na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba sufuria za aina hiyo zinaweza kutoa risasi kwenye chakula chenye uchachu. Chuma kisichoshika kutu au sufuria ya enameli isiyobanduka ndiyo ya kutumia.

Pilipili za mafuta, zile zenye vitunguu saumu vinavyoelea ndani ya mafuta, haziingii katika mpango huu. Mafuta huzuia hewa na hayana uchachu. Ziandaliwe kidogo, ziwekwe kwenye friji, ziishe ndani ya siku chache. Achari yoyote ambayo kifuniko chake kimevimba, inayotoa povu ikifunguliwa au yenye utando wa ukungu imwagwe bila kuonjwa. Sumu ya botulizimu inaweza kuwapo bila kubadili harufu wala ladha.

Kuhusu walaji: mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hahitaji pilipili wala chumvi ya achari. Mkubwa kidogo anaweza kuonjeshwa bila kushindanishwa. Pilipili haisababishi vidonda vya tumbo kama inavyodaiwa. Sababu kuu ni bakteria wa tumboni na matumizi ya mara kwa mara ya baadhi ya dawa za maumivu. Lakini mwenye vidonda tayari inaweza kumuunguza, na maumivu hayo yasifanywe ushujaa.

Chupa isiyojulikana isiingie ndani

Hakuna njia ya jikoni ya kuhakikisha kwamba chupa iliyobeba zebaki, asidi au dawa ya pamba imesafika. Plastiki hufyonza baadhi ya kemikali, na siki yenye chumvi ikikaa humo wiki nzima inaweza kuzivuta tena. Chombo cha achari kiwe cha kioo, kiwe kiliwahi kubeba chakula, na mwenye nyumba awe alikifungua mwenyewe kikiwa kipya: mtungi wa jemu, siagi ya karanga au asali. Chupa za kuokota kwenye machimbo hazifai, hata zing'ae vipi.

Vivyo hivyo kwa upande wa pili. Mchimbaji asiweke zebaki au asidi katika chupa ya maji au soda, kwa sababu mtoto anaitambua chupa hiyo kama kinywaji. Mtoto akinywa asidi au maji ya betri asitapishwe, kwa maana kilichounguza koo kikishuka kitaunguza tena kikipanda. Asukutuliwe mdomo na akimbizwe hospitali pamoja na chupa yenyewe, ili mganga ajue anapambana na nini. Zebaki ikimwagika sakafuni isifagiliwe, kwa sababu ufagio huigawa kuwa matone madogo yanayotoa mvuke zaidi. Watoto watoke, madirisha yafunguliwe. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, yenye ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza, ndiyo inayosimamia kemikali hizi na ndiyo ya kuulizwa.

Kwa anayetaka kuuza, SIDO wana ofisi Shinyanga na Geita na hutoa mafunzo ya usindikaji, na ni kupitia kwao mjasiriamali mdogo huunganishwa na Shirika la Viwango Tanzania kwa ajili ya alama ya ubora. Hata kwa achari ya kula nyumbani, kipande cha karatasi kilichogandishwa kwenye mtungi, chenye jina la kilichomo na tarehe kilipofungwa, kinachukua dakika moja kuandika. Chumba ambacho kila chupa ina jina, ile isiyo na jina huonekana haraka.

Pilipili mbili tatu zilizoiva hadi kuwa nyekundu ziachwe kwenye mche bora kuliko yote. Zikikauka, mbegu zake zifungwe kwenye karatasi yenye maandishi na kuhifadhiwa mahali pakavu, mpaka kitalu cha Oktoba.